Njia Zikifungwa Tena, Mtoto Akae kwa Nani?

Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, mwanangu alikuwa gredi ya nne, na mimi na baba yake tulikuwa tumeachana mwaka wa tatu. Jumapili ya tarehe 15 ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Mimi naishi Mombasa, baba yake anaishi Nairobi. Nikapiga hesabu ya haraka: mimi niko kazini kutwa, shule hakuna, baba yake ameambiwa afanyie kazi nyumbani, na Pasaka i karibu. Jumamosi ya tarehe 21 nikampakia basi pamoja na shangazi yake. Nikamwambia ni wiki tatu tu. Nguo nikamtilia za wiki tatu.

Kafyu ikaanza tarehe 27, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Nikampigia baba yake nikamwomba amrudishe mapema. Akasema, "Tutaona." Jumatatu ya tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba Nairobi na viunga vyake vinafungwa jioni ile ile, na Mombasa, Kilifi na Kwale zinafuata Jumatano ya tarehe 8. Treni ya abiria ikasimama. Njia hazikufunguliwa mpaka tarehe 7 Julai. Zile nguo za wiki tatu zikavaliwa miezi mitatu na nusu.

Ulinganisho huu wa mipango ya mtoto akae kwa nani njia zikifungwa naandika nikimfikiria mzazi aliyeachana na mtu mgumu, na ambaye leo, hali ikiwa shwari, haoni sababu ya kuligusa jambo hili. Sababu ipo. Oktoba 2022, korona ikiwa imeshaanza kusahaulika, Uganda ilizifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa ajili ya Ebola, na aliyekuwa ndani alibaki ndani. Tangazo la namna hiyo huweza kutolewa jioni na kuanza kazi usiku huo huo. Huna muda wa kumbembeleza mtu.

Kwanza, ugumu wake ni wa namna gani

Yuko mzazi mwenza asiyejibu kabisa. Yuko anayejibu kila neno kwa maneno mia, na katikati ya hayo mia amekuchomekea ya mwaka mliofunga ndoa. Yuko anayekubali asubuhi akakana jioni. Wangu ni wa "tutaona": hakatai wala hakubali, anakuning'iniza mpaka wakati uamue wenyewe, na wakati ukishaamua anakwambia hakukukatalia. Wote hao nawazungumzia hapa.

Anayepiga simzungumzii, wala anayemtishia mtoto. Kwa huyo usikae kulinganisha mipango. Kenya kuna 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, zote bila malipo, na polisi wana dawati la jinsia. Anzia huko.

Ukishajua ugumu wake, tafuta kipimo. Wazazi wengi hupima kwa siku: wewe ngapi, mimi ngapi. Kwa watu wanaosikizana, kipimo hicho hakina neno. Mimi nimejifunza kupima kwa maombi. Mpango huu utanilazimu nimwombe mara ngapi? Kila ombi kwa mtu mgumu ni mlango, na anayeushika mlango ni yeye. Wakati wa kawaida mlango ukifungwa una pa kupita: utaenda mwenyewe, utamtuma mjomba, utabisha hodi kwa mama mkwe. Njia zikifungwa huna. Kwa hiyo mpango wenye maombi machache ndio ninaoupa uzito, hata kama kwa hesabu ya siku mimi ndiye ninayepunjika.

Mtoto abaki nyumba moja mpaka njia zifunguliwe

Mpango huu ndio ulionipata, sikuuchagua. Ubora wake mkubwa ni kwamba unahitaji kukubaliana mara moja tu. Mtoto hapandi magari, hapiti kwenye vizuizi vya polisi, hapeleki wala haleti ugonjwa. Analala kitanda kimoja. Kwa mtoto wa miaka tisa ambaye kila kitu chake kimesimama, kitanda kimoja si jambo dogo.

Kasoro yake unaijua ukiwa wewe ndiye uliyebaki bila mtoto. Mwenye nyumba, yaani mzazi aliyebaki na mtoto, anakuwa bawabu. Wiki za kwanza nilikuwa nampigia mwanangu kwa simu ya baba yake. "Yuko bafuni." "Anakula." Siku moja, saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linawaka, nikaambiwa amelala. Sijui kama alikuwa amelala kweli. Ninachojua ni kwamba nilikaa na simu mkononi hadi kafyu ikaingia, huku nikisikiliza mabati ya jirani yakilia kwa upepo.

Aliyetuokoa ni shangazi, dada wa baba yake, anayeishi mtaa huo huo. Nilimwomba ampelekee mtoto simu ya kabambe, ile ya kubonyeza isiyo na intaneti. Hapo ndipo nilipolinganisha kwa mara ya kwanza kwa makini. Simu ya video ni nzuri zaidi, unamwona mtoto uso, unaona kama amekonda. Lakini video yetu ilipitia simu ya baba yake, intaneti ya baba yake, na hali ya moyo ya baba yake siku hiyo. Kabambe ilikuwa ya mtoto. Salio nililinunua Mombasa likaingia Nairobi bila kumwomba mtu. Nikachagua sauti, nikaacha uso. Ningeambiwa nichague tena leo, ningechagua hivyo hivyo.

Kitu cha pili kilichofanya kazi ni redio. Taasisi ya mitaala, KICD, ilikuwa ikirusha vipindi vya masomo kupitia KBC. Nikawa nasikiliza somo la gredi ya nne kwa spika za simu nikiwa kazini, yeye analisikiliza Nairobi saa ile ile, na jioni tunaulizana. "Mama, ulisikia alivyosema kuhusu udongo?" Nilikuwa nimesikia. Ndiyo maongezi bora tuliyoyapata msimu ule, kwa sababu hatukuwa tukizungumza kuhusu baba yake wala kuhusu lini atarudi. Ukiwa mzazi wa mbali, tafuta jambo moja ambalo wewe na mtoto mnalifanya wakati mmoja bila kupitia kwa mwenye nyumba. Liwe redio, liwe kitabu mlicho nacho nakala mbili, liwe kuuangalia mwezi.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba, usiwe bawabu. Nimekuwa upande huo pia, mwaka uliofuata, na najua jinsi ilivyo rahisi kusema "anakula" wakati mtoto hali.

Tarehe 7 Julai njia zikafunguliwa, na shangazi akamleta kwa basi la mchana, kwa kuwa kafyu ilikuwa bado ipo na mabasi ya usiku hayakuwepo. Niliwangoja Mwembe Tayari. Alishuka amevaa viatu vile vile nilivyompeleka navyo, nyuma amevikanyaga vikawa kama makubadhi, visigino nje. Suruali imeishia katikati ya muundi. Aliniangalia kidogo kabla ya kunikumbatia, akasema, "Mama, kwenye simu sauti yako ni nyingine." Hiyo ndiyo bei ya mpango wa nyumba moja.

Zamu: wiki kwako, wiki kwangu

Mpango huu unawezekana tu kama nyinyi wawili mko ndani ya mpaka mmoja. Mwaka 2020 mpaka wa Nairobi ulichorwa mpana: upande wa Kajiado uliingiza Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na Ngong, upande wa Kiambu ulifika daraja la mto Chania pale Thika, upande wa Machakos ulifika Athi River. Mzazi wa Rongai na mwenzake wa Embakasi waliweza kupokezana. Wa Rongai na wa Machakos mjini hawakuweza. Usitegemee ramani ya kichwani mwako, tangazo lina ramani yake.

Rafiki yangu ndiye wa Rongai, na mtalaka wake ndiye wa Embakasi. Walianza na zamu za wiki moja moja. Kwa siku, ulikuwa mpango wa haki kuliko wetu. Kwa maombi, ulikuwa mateso. Matatu za abiria 14 zilikuwa zikibeba 8, nauli imepanda, na safari ni matatu mbili, ya kwanza hadi mjini na ya pili kutoka mjini. Yule bwana alikuwa anatakiwa kumfikisha mtoto Jumapili saa tisa alasiri. Akawa anafika saa kumi na mbili na robo, kafyu ni saa moja. Hapo mwanamke atachagua nini? Akiuliza sababu, ugomvi utakula dakika arobaini na tano zilizobaki na mmoja wao atakamatwa njiani. Akinyamaza, Jumapili ijayo itakuwa hivyo hivyo. Alinyamaza Jumapili nne.

Kisha akabadilisha mambo matatu, na hayo ndiyo ninayomshauri yeyote anayetaka zamu. La kwanza, zamu ziwe za wiki mbili badala ya moja. Kuanzia mwanzo wa Aprili hadi mwanzo wa Julai ni wiki 13, kwa hiyo zamu za wiki moja ni mapokezano kama 13, na za wiki mbili ni 6 tu. Umepunguza milango nusu nzima. La pili, anayempokea mtoto ndiye amfuate. Wazazi wengi hupanga kinyume, aliye naye ndiye ampeleke, na mtu mgumu huitumia nafasi hiyo kuchelewa. Ukienda kumchukua mwenyewe saa nne asubuhi, saa ni yako. La tatu, wakaandika mapema mtoto akiugua itakuwaje. Kabla ya hapo, kila alipokohoa ilikuwa silaha: abaki huku siku 14, kule ni hatari, kule hamvai barakoa. Walichoandika ni sentensi moja: akiwa na homa anabaki alipo mpaka apone, na siku zilizopotea zinalipwa zamu inayofuata. Kukohoa bila homa hakuzuii zamu.

Baada ya hapo zamu ziliwafaa. Mtoto wao alikuwa na miaka mitano, na mtoto wa umri huo hawezi kukaa miezi mitatu na sauti ya kwenye simu. Kwa umri ule ningekubali hata maombi yale 6.

Nchi nazo hazikufanana, na msomaji wa Kampala au London asichukue mfano wa Nairobi mzima mzima. Uganda ilipiga marufuku hata magari ya watu binafsi tarehe 30 Machi 2020, kwa hiyo zamu zilikufa siku hiyo. Rwanda ilikuwa imeshawafungia watu majumbani tangu tarehe 21 mwezi huo. Tanzania ilifunga shule kuanzia Machi mpaka wote waliporudi tarehe 29 Juni, na barabara zikabaki wazi. Lakini Kenya ilipofunga mpaka na Tanzania tarehe 16 Mei, isipokuwa kwa mizigo, mzazi wa Moshi na wa Taveta walijikuta kama mimi. Uingereza ilifanya jambo ambalo natamani lingefanywa kila mahali: mwongozo wa serikali yake uliruhusu waziwazi mtoto wa chini ya miaka 18 kusafiri kati ya nyumba za wazazi wake walioachana. Mkuu wa mahakama za familia huko akaongeza ufafanuzi wa busara, kwamba kuruhusiwa si kulazimishwa, wazazi wapime afya ya kila nyumba kwanza.

Kwa bibi

Watoto wengi walipelekwa mashambani kwa bibi, na kuna hekima ndani yake. Ni uwanja usio wako wala wake, nafasi ya kucheza ipo, chakula kipo. Lakini korona iliwaumiza wazee kuliko wote, na kumpelekea bibi wa miaka sabini mtoto aliyetoka mjini kulikuwa kumpelekea hatari mlangoni. Tena kuna swali ambalo watu hulikwepa: bibi wa upande gani? Bibi mzaa baba ana mwanawe. Bibi mzaa mama ana binti yake. Mimi nisingechagua mpango huu ila kama wazazi wote wawili wanafanya kazi za hospitali au za namna hiyo, na bibi mwenyewe ana nguvu na amekubali kwa kinywa chake.

Ukiniuliza nichague

Mtoto wa chini ya miaka sita, wazazi ndani ya mpaka mmoja: zamu za wiki mbili, anayepokea ndiye afuate. Mtoto mkubwa zaidi, au wazazi wako miji miwili: nyumba moja, na mtoto awe na simu yake. Kama mzazi mwenza ni yule anayekubali na kukana, nyumba moja hata kama mko mtaa mmoja, kwa sababu zamu na mtu wa aina hiyo hazina mwisho wa kujadiliwa. Nyumba ipi? Ile iliyo karibu na shule yake. Si kubwa zaidi, wala ile yenye televisheni. Shule zikifunguliwa ghafla, aliye karibu na shule hahitaji kuomba arudishwe. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne waliitwa warudi tarehe 12 Oktoba 2020, wengine wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Mwanangu alikuwa wa Oktoba. Kama angekuwa bado Nairobi, sijui ningemwomba kwa lugha gani.

Mzungumze kwa njia gani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipokosea zaidi.

Kupiga simu ni haraka, lakini simu na mtu mgumu haiachi alama. Mkishakata, kila mmoja anakumbuka lake. Ujumbe wa sauti ni mbaya zaidi, kwa sababu hasira inaingia ndani yake na inaweza kusikilizwa mara kumi, mtoto akiwa pembeni. Maandishi mafupi ndiyo ninayoyapendekeza, lakini si maandishi yoyote. Huu ndio ujumbe niliouandika Aprili:

"Kwa nini kila nikipiga unasema amelala? Unajua unachokifanya. Siku moja atakua atajua ukweli."

Hakujibu siku mbili. Kwa haki, ungejibu nini? Wiki iliyofuata nikaandika huu:

"Salaam. Nitampigia Jumanne, Alhamisi na Jumapili, saa kumi na mbili jioni, dakika 20. Siku ikiwa haifai niandikie saa nyingine ya siku hiyo hiyo."

Akajibu, "Sawa." Neno moja. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na swali, na swali kwa mtu wa "tutaona" ni chakula. Wa pili haukuuliza. Ulieleza nitakachofanya, ukampa njia moja ya kubadilisha, na hata akinyamaza mambo yanaendelea. Tangu hapo kila ujumbe ninaotaka kumtumia naupitisha kwenye kipimo hicho: asipojibu, jambo linaenda au limesimama? Kama limesimama, naliandika upya.

Mtu wa kati ana nafasi yake, lakini mchague kwa makini. Wengi humchagua wa upande wao, mama au rafiki. Mimi naona afadhali wa upande wake. Shangazi alisikizwa kwa sababu ni dada yake. Ingekuwa dada yangu, mlango usingefunguliwa. Nami nilijiwekea sheria ya kutomtuma maneno. Nilimtuma vitu tu: simu, dawa ya minyoo, daftari. Mtu wa kati ukimbebesha maneno mabaya, baada ya wiki tatu atachoka nanyi wote wawili.

Pesa: mkononi au kwa kitu

Kawaida baba yake ndiye anayetuma pesa za matunzo. Mtoto alipokwama kwake, akaacha kutuma, ambalo ni jambo la kueleweka, kisha akaanza kunidai, ambalo pia sikuweza kulipinga. Kulikuwa na nafuu moja: kuanzia katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka ule, kutuma kwa M-Pesa kiasi kisichozidi Sh1,000 hakukuwa na ada. Nikawa natuma Sh900 kila Jumamosi badala ya kitita kimoja mwanzo wa mwezi. Kitita kimoja na mtu mgumu huwa na maelezo mengi, mbona pungufu, mbona kimechelewa. Kidogo cha kila wiki, siku ile ile, hakina la kujadili. Mahitaji ya mtoto mwenyewe nilimtumia shangazi anunue. Viatu nilivisahau. Sikuviona, na hakuna aliyeniambia.

Wazee, afisa wa watoto, au mahakama

Mwaka 2020 mahakama zilipunguza shughuli tangu katikati ya Machi, zikashughulikia kwanza mambo ya dharura, na kesi nyingi zikahamia kwenye video. Aliyekuwa na amri mkononi kabla ya hapo alikuwa na kitu cha kuonyesha. Aliyeanza kuitafuta Aprili alipanga foleni ndefu. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la kufanywa wakati wa shwari.

Kikao cha wazee ni cha haraka na kinaheshimiwa, ila maamuzi yake yako vichwani mwa waliohudhuria. Mahakama ina nguvu kuliko wote, lakini huchukua muda na pesa, na mtu mgumu akishaitwa mahakamani huona mmekuwa maadui rasmi. Kwa Waislamu ipo pia mahakama ya kadhi kwa mambo ya ndoa na talaka. Katikati yupo afisa wa watoto wa serikali, ambaye watu wengi humpita bila kumwona. Atawaita wote wawili, atawasikiliza, mtaandika makubaliano na kutia saini mbele yake. Kwangu mimi huyu ndiye wa kuanza naye. Asemalo lina uzito kwa baba ambaye hasikilizi wazee wa ukweni wala hataki kesi, na likishindikana, ile karatasi ndiyo utakayokwenda nayo mahakamani. Msingi wake umo kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53: baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na masilahi ya mtoto yanatangulia yote. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imesimama hapo hapo.

Sisi tulienda kwa afisa Januari 2021. Karatasi yetu ina mambo mengi, lakini nililolipigania ni aya moja, nayo inasema hivi: ikitangazwa amri ya kufunga njia, mtoto abaki Mombasa iliko shule yake; kama tangazo limemkuta Nairobi, abaki Nairobi bila lawama; simu ni siku tatu kwa wiki; njia zikifunguliwa, aliyemkosa anampata kwanza, kabla ya shule kufunguliwa ikiwa siku zipo. Baba yake aliisoma mara mbili. Akasema hayo hayatatokea tena. Akatia saini.

Miezi miwili baadaye, Ijumaa ya tarehe 26 Machi, Rais akazifunga kaunti tano kwa mara moja: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Mtoto alikuwa kwangu, likizo imeanza, na alikuwa aende kwa baba yake wiki ile. Usiku ule niliandika ujumbe mmoja: "Salaam. Kwa aya ya njia, mtoto anabaki. Simu ni siku zile zile. Njia zikifunguliwa anakuja kwako kwanza." Hakujibu, na jambo halikusimama.

Wiki zile tano mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba. Ile kabambe ilikuwa ikilia saa kumi na mbili, na kuna siku mtoto alikuwa nje anacheza mpira na mkono wangu ukaisogelea simu niseme hayupo. Nilimwita. Aliingia anahema, ametapakaa vumbi, akapokea.

Tarehe 1 Mei njia zikafunguliwa.  Kila mtu aliniambia si lazima, amekaa vizuri, mwache apumzike. Tarehe 2 nikampeleka Mwembe Tayari asubuhi na mapema, akiwa na mjomba wake, barakoa mbili mfukoni, nguo za wiki moja na viatu vipya vilivyozidi mguu kidogo. Saa kumi na moja jioni simu yangu ikaingia ujumbe kutoka kwa baba yake, bila kuulizwa.

"Amefika."